Banda la pwani likipandishwa Lushoto: uchambuzi wa kisa cha kuku 200 na baridi ya kipupwe

Mkoa wa Tanga una hali ya hewa ya aina mbili ambazo mchoro mmoja wa banda hauwezi kuzitosheleza. Tanga mjini, kando ya bahari, usiku wa Julai ni nyuzi 20 hivi, na mchana mfugaji bado anahangaika na joto. Ukipita Segera na Korogwe ukafika Mombo, kisha ukazipanda zile kona kilomita 33 mpaka Lushoto mjini, umeshafika kimo cha mita 1,400 hivi. Ukiendelea Magamba kuelekea Shume unazidi kupanda. Kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu kwa wastani. Kwa hiyo kwenye mita 1,800 usiku wa kipupwe ni nyuzi 8 mpaka 10, na ukungu unaweza kutanda mpaka saa nne asubuhi.

Tuchukue mfugaji wa huko juu. Mwezi Februari amepokea mitemba 200 wa mayai, yaani kuku majike ambao hawajaanza kutaga, wiki 16, kutoka Tanga mjini. Banda amejengewa na fundi hodari aliyezoea kazi za Muheza na Pongwe: mita 10 kwa 4, upande mrefu umelala mashariki kwa magharibi, ukuta wa tofali wa futi mbili kuzunguka pande zote, juu yake wavu mpaka kwenye paa. Bati ni geji 30, hakuna dari. Sakafu ni udongo ulioshindiliwa, na matandiko ni pumba za mpunga za Mombo, unene wa inchi mbili. Kiwanja kipo chini kabisa ya shamba la kabichi, karibu na kijito, kwa sababu ya urahisi wa maji.

Kwa pwani, hilo ni banda zuri. Tunalisema hili mapema kwa kuwa lawama zote zilimwangukia fundi, na hakustahili zote.

Mambo yalivyokwenda

Mpaka mwisho wa Mei kuku wanataga mayai 170 kwa siku. Wiki ya kwanza ya Juni upepo wa kusi unashika kasi. Mchana kweupe kuku wanajikunyata kwenye kona ya kaskazini-magharibi, na mayai yanashuka mpaka 150. Mfugaji anazungushia turubai pande zote nne, kutoka kwenye bati hadi chini.

Siku chache za mwanzo kila mtu anafurahi. Banda lina joto, kuku wametawanyika, mayai yamepanda kidogo. Nafuu hiyo ndiyo inayopotosha, kwa sababu inathibitisha kosa.

Baada ya siku kumi hivi macho ya kuku yanaanza kutoa machozi. Usiku wanasikika wakikoroma. Pumba zimegandamana na kuwa bamba jeusi linaloteleza. Asubuhi bati linadondosha matone ingawa mvua haijanyesha. Duka la dawa za mifugo linauza antibayotiki ya kuchanganya kwenye maji, siku tano. Kukoroma kunapungua, dawa ikiisha kunarudi. Kuku wanaanza kufa, leo mmoja, keshokutwa wawili.

Katikati ya Julai mfugaji anaingiza majiko mawili ya mkaa usiku. Asubuhi moja anakuta kuku 11 wamekufa karibu na majiko, wamelala ubavu, hakuna dalili ya kuhangaika, na waliopasuliwa wana damu nyekundu iliyochangamka kupita kawaida. Kufikia hapo jumla ya waliokufa ni 25 na mayai ni 105 kwa siku.

Mfugaji, majirani na muuza dawa wote wana jibu moja: baridi. Kwa kweli ni mambo matatu tofauti yaliyofuatana, na baridi yenyewe ndiyo iliyoua kidogo kuliko yote.

Mawili yasiyo na ubishi

La majiko ni rahisi. Mkaa unapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ambayo huikamata damu na kuizuia kubeba oksijeni. Damu iliyochangamka vile ni alama yake. Gesi hiyohiyo huua watu waliolala na jiko chumbani. Ndani ya banda lililofungwa kwa turubai matokeo hayangekuwa mengine, na lililobaki ni bahati tu kwamba mfugaji hakulala mle kuwalinda.

La mayai kushuka toka 170 hadi 150 nalo linaeleweka. Kuku wa mayai anakula gramu 115 hadi 120 kwa siku mahali penye joto la wastani. Kwenye baridi mwili unadai zaidi ili ubaki na joto lake la nyuzi 41. Chakula kilibaki kilekile, na upepo uliwapekua manyoya. Sehemu ya yai ikageuzwa kuni. Wapo waliosema ni mwanga wa jua uliopungua, kama wanavyoandika wafugaji wa Ulaya na Marekani ambako mchana wa majira ya baridi ni mfupi mno. Lushoto iko nyuzi chini ya 5 kusini mwa ikweta. Mchana wa Juni unapungua dakika chache tu, hauwezi kulaumiwa.

Lililobaki, la kukoroma na vifo vya kidogokidogo, ndilo linalohitaji hesabu.

Ndoo mbili za maji kila siku

Kuku mmoja wa mayai hunywa mililita 200 hadi 250 kwa siku. Kuku 200 ni lita 45 hivi. Mayai 160 yanaondoka na lita sita na ushei. Zinazobaki, karibu lita 38, zinatoka kwa njia mbili tu: kinyesi na pumzi. Yaani kila siku ya Mungu mfugaji anamwaga ndani ya banda lake karibu ndoo mbili za lita 20. Maji hayo ama yatolewe na hewa, ama yabaki.

Banda likiwa wazi yanatoka bila mtu kujua. Likifungwa kwa turubai kuanzia juu hadi chini, yanapanda na hewa ya joto, yanagusa bati lililopozwa na usiku, yanageuka matone, yanarudi kwenye pumba. Inchi mbili za pumba juu ya udongo haziwezi kuyabeba. Matandiko yanayofaa yana unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Yakipita 35 yanagandamana. Bakteria huishambulia asidi ya yuriki iliyomo kwenye kinyesi na kutoa gesi ya amonia, na kadiri matandiko yanavyolowa na joto linavyopanda ndivyo inavyotoka kwa wingi.

Amonia hupooza vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya koo la hewa la kuku, vile vinavyosukuma nje vumbi na vijidudu. Hapo vijidudu ambavyo kuku anaishi navyo miezi bila kuugua, hasa maikoplasma, vinapata njia, na nyuma yake wanafuata wengine. Ndiyo maana dawa ilisaidia siku tano tu: iliwaua vijidudu huku mlango ukiwa umeachwa wazi. Matandiko yaliyolowa vilevile yanakomaza mayai ya vimelea vya kuhara damu, na vifo vichache katika kundi hili vinaelekea vilitokana na hao.

Mtu mzima akiinusa amonia tu, tayari inakaribia kiwango cha kumdhuru kuku. Kinachopendekezwa kisipitwe ni sehemu 25 katika milioni. Tatizo ni kwamba pua huzoea. Mfugaji anayeingia bandani mara sita kwa siku ni shahidi mbaya. Mlete mgeni, mchuchumalishe mpaka pua yake iwe usawa wa goti, asubuhi kabla pazia halijafunguliwa. Macho yakimwasha, jibu limepatikana.

“Nje kuna ukungu, nifungue niingize maji?”

Swali hili linaulizwa na kila mfugaji wa huko juu, na lina akili. Nje hewa imejaa maji mpaka yanaonekana kwa macho. Itawezaje kukausha banda?

Inaweza, kwa sababu hewa ya baridi hata ikishiba inabeba maji machache. Kwenye nyuzi 10, mita moja ya ujazo ikishiba ina gramu 9 na kitu za mvuke. Ikiingia bandani ikapashwa na miili ya kuku mpaka nyuzi 15, uwezo wake unapanda hadi karibu gramu 13. Imeingia imeshiba, sasa ina njaa ya gramu tatu na nusu hivi, na inatoka nazo. Hesabu ya lita 38 kwa namna hiyo inahitaji mita za ujazo 11,000 kwa siku, au 465 kwa saa. Banda hili lina ujazo wa mita 96 hivi ukijumlisha nafasi ya juu. Hewa yote ibadilike kama mara tano kila saa, usiku na mchana.

Inasikika kama dhoruba. Siyo. Mita za ujazo 465 kwa saa zikiingia kupitia mianya yenye eneo la mita mbili za mraba zinatembea sentimita 6 hadi 7 kwa sekunde, mwendo usiotikisa hata unyoya. Kinachomuumiza kuku ni upepo wa mita kadhaa kwa sekunde unaompiga ubavuni usiku kucha, unaofumua manyoya na kuikimbiza ile hewa ya joto iliyonaswa chini yake. Kuku mkavu, mwenye manyoya kamili, asiyepigwa na upepo, anaimudu nyuzi 8 bila taabu. Huko Kanada na kaskazini mwa Marekani anaimudu hata chini ya sifuri.

Banda hili basi lilihama kutoka kosa moja hadi kosa la pili. Juni lilikuwa na upepo mwingi chini, walipo kuku. Julai halikuwa na hewa juu, unakotokea mvuke.

Mchoro wa Marekani

Kijana wa nyumbani alikuwa na suluhisho kwenye simu: mchoro wa banda la nchi za theluji. Kuta mbili zenye sponji katikati, dirisha kubwa kusini, taa ya joto ya wati 250 juu ya vichanja, yaani fito za kuku kulalia. Baadhi ya vitu hivyo vina busara, vingine vingeleta hasara mpya.

Dirisha la kusini ni sahihi kwa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kwa kuwa jua la majira yao ya baridi liko kusini. Kwetu baridi inakuja Juni na Julai, jua likiwa kaskazini. Saa sita mchana mwishoni mwa Juni linasimama kama nyuzi 62 juu ya upeo wa macho upande wa kaskazini. Na kusi, upepo wa baridi na unyevu wa msimu huo, unatoka kusini na kusini-mashariki. Kwa hiyo mambo mawili yanakubaliana: ziba kusini, fungua kaskazini. Anayeufuata mchoro ule bila kuugeuza anafungulia upepo na kuzibia jua. Kumbuka kuku walivyojikunyata kona ya kaskazini-magharibi. Walikuwa wameshaonyesha ramani.

Sponji nyeupe kuku wanaidonoa na panya wanaishi ndani yake. Kwa nyuzi 8 haihitajiki. Taa ya wati 250 kwa kuku wakubwa ni kupoteza umeme bure, na ikianguka kwenye maranda ni moto. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka huko ni kitu cha zamani wala hakimo kwenye mchoro wa kijana: dari la majani makavu. Wafugaji wa Amerika ya Kaskazini walilitumia sana mwanzoni mwa karne ya 20. Majani yanaacha mvuke upenye polepole kwenda juu bila upepo kupita, na yanalitenga bati na hewa ya kuku, hivyo jasho la bati likidondoka linanaswa juu na kukauka mchana.

Marekebisho, bila kubomoa

Asubuhi ya kwanza: majiko nje, turubai la kaskazini lishushwe lote. Usianze na kusini. Pumba zote zilizogandamana zitolewe siku hiyohiyo, kuku wakiwa wamehamishiwa nusu moja ya banda, kisha nusu ya pili. Hapa wengi wanakimbilia kumwaga chokaa au majivu juu ya matandiko mabichi ili “kukausha”. Vyote viwili vinaifukuza amonia itoke kwa mkupuo, kuku wakiwa mle. Chokaa ipakwe kwenye sakafu iliyokwanguliwa, ikauke, ndipo matandiko mapya yaingie.

Sakafu. Banda liko chini ya mteremko, kwa hiyo maji ya shamba la kabichi yanapita chini yake. Chimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu, kina cha futi moja na nusu, uzungushe mpaka upite pembe za banda. Ndani, pandisha sakafu kwa kifusi cha mawe madogo na udongo mkavu ulioshindiliwa mpaka iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 20 angalau. Kuhamisha banda lote kungekuwa bora: usiku hewa ya baridi huteremka na kutuama bondeni, na katikati ya mteremko pana joto kuliko chini kwenye kijito au juu kwenye kilele. Lakini hilo ni la banda lijalo.

Ukuta wa kusini, na zile mbili fupi za mashariki na magharibi. Hapa mabanzi yanatosha, na viwanda vya mbao vya Shume havina uhaba nayo. Yapigwe wima kuanzia juu ya tofali, nyufa zizibwe kwa udongo uliochanganywa na majani. Kusini acha mwanya wa sentimita 15 chini ya bati, urefu wote wa mita 10, wenye wavu. Kwenye zile fupi, gebo, yaani pembetatu ya juu ya dari, ibaki wavu mtupu. Bati lisogezwe litokeze nje ya ukuta sentimita 75 mpaka 90, vinginevyo mvua ya kusi itaingilia kwenye mwanya huo.

Ukuta wa kaskazini. Tofali zipandishwe kutoka futi mbili hadi mita moja. Kutoka hapo hadi bati, mita 1.2, ni wavu na pazia. Pazia lishonwe kwa viroba, mita 10 kwa mita 1, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: lifungwe CHINI, kwenye ukuta, na livutwe kwenda juu kwa kamba. Pazia linaloning'inia kutoka juu ukilikunja linafungua kwanza chini, kwenye miguu na vifua vya kuku, na kuziba juu. Tunataka kinyume chake. Likivutwa hadi mwisho, zinabaki sentimita 20 wazi chini ya bati, na kwa kuwa pazia lenyewe halifiki, hata mtoto au kibarua mwenye huruma hawezi kuziba mwanya huo usiku. Huo ni mwanya wa mita mbili za mraba, ule wa kusini ni mita moja na nusu. Hesabu ya juu imetimia hata kabla ya gebo.

Pazia lishushwe ukungu ukiinuka, mara nyingi kati ya saa tatu na saa nne, jua liingie kwenye matandiko. Lipandishwe saa kumi na moja jioni.

Dari. Mbao za 2 kwa 4 zilizosimamishwa kwa ubavu, moja kila sentimita 90, na safu ya nguzo katikati ya banda ili zisilegee. Juu yake papi, yaani mbao nyembamba, kwa nafasi ya inchi mbili, kisha wavu, kisha majani makavu sentimita 15 yasiyoshindiliwa. Kwa eneo la mita 40 za mraba ni mita sita za ujazo. Majani mabichi yataota ukungu, na vumbi la ukungu huingia kwenye mapafu ya kuku. Yaanikwe mpaka yavunjike mkononi. Yabadilishwe kila mwaka. Panya na nyoka watayapenda, ndiyo gharama yake, kwa hiyo wavu wa gebo uwe wa matundu ya nusu inchi. Na kuanzia siku dari hilo linapowekwa, chemli na moto wa aina yoyote mwiko.

Vichanja. Vilikuwa vimetawanyika. Vyote vihamie nyuma, upande wa kusini uliozibwa, mbali na pazia. Kila kuku anahitaji sentimita 18, jumla mita 36: fito nne za mita 9, zimeachana sentimita 35, kimo cha sentimita 75. Ziwe mbao bapa za upana wa inchi mbili, kingo zimepigwa randa, ili kuku akilala afunike vidole kwa manyoya ya tumbo. Chini yake weka meza ya mbao ya kupokea kinyesi. Karibu nusu ya kinyesi cha siku huanguka usiku, na kikikwanguliwa mara mbili kwa wiki kinaondoka na maji yake kabla hayajawa hewa. Katika kazi zote, hii ndiyo inayolipa zaidi kwa gharama ndogo. Kuku wa kisasa waliokulia sakafuni hawatapanda wenyewe mara moja. Wabebwe jioni mpaka wajue.

Matandiko. Maranda ya msindano, sentimita 15, magunia makubwa 35 hadi 40. Maranda, siyo unga wa mbao, ambao ni vumbi na hugandamana upesi. Pumba za mpunga si mbaya, ila kuzipandisha kutoka Mombo wakati maranda yako jirani ni kupeleka nazi Pangani. Yageuzwe kwa uma mara mbili kwa wiki. Kipimo: kamata konzi, kaza ngumi, fungua. Yakishikana kama donge, yamelowa. Yakishikana kidogo kisha yakaachana, yako sawa. Yasiposhikana kabisa na vumbi likaruka, yamekauka mno.

Vyombo vya maji viinuliwe mpaka mdomo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku na viwekwe juu ya fremu yenye wavu, si kwenye maranda. Chakula kiongezwe kufikia gramu 125 hadi 130, pamoja na punje za mahindi gramu 10 hadi 15 kwa kuku jioni, ili usiku tumbo lifanye kazi na kutoa joto. Mahindi zaidi ya hapo yanapunguza protini ya siku na mayai yatasema.

Kupima kwa udi

Kabla ya kusema kazi imekwisha, ingia bandani saa mbili usiku, pazia likiwa juu, na kijiti cha udi kinachofuka. Kishike sentimita 20 kutoka sakafuni, kisha usawa wa vichanja, hatua kwa hatua kutoka pembe moja hadi nyingine. Moshi upande polepole, uyumbe kidogo. Ukilala ubavu, kuna ufa. Fuata moshi ulikotokea uuzibe. Kisha uinue karibu na dari: hapo moshi uonekane unavutwa kuelekea mwanya au kupenya kwenye majani. Ukizunguka tu na kurudi chini, hewa haitoki, na mara nyingi sababu ni kwamba mtu ameziba gebo kwa gunia.

Asubuhi yake pitisha mkono chini ya papi za dari. Ziwe kavu.

Cha kutarajia

Harufu ya amonia inapungua ndani ya siku mbili tatu. Maranda yanatulia baada ya wiki mbili. Kukoroma ni jambo jingine: kuku aliyeshikwa na maikoplasma huibeba maisha yake yote hata akionekana mzima. Kwa hiyo afisa mifugo aamue tiba moja ya mwisho baada ya banda kurekebishwa, kwa dozi ya lebo, na mayai yasiuzwe mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa zipite. Kundi jipya lisichanganywe na hili kamwe. Mayai yataanza kupanda katika wiki ya tatu hadi ya tano. Kwa kundi lililoshuka mpaka 105, kurudi 140 ni matumaini ya haki, 170 siyo. Chanjo ya mdondo iendelee kila miezi mitatu kwa matone ya jicho, lakini si katikati ya kukoroma, kwa kuwa kifua kilichokwisha kuumia kinaipokea vibaya.

Vifaranga ni habari nyingine kabisa, na makosa yanaanza pale mtu anapotumia kanuni ya kuku wakubwa kwao. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 35, zikipunguzwa tatu kila wiki mpaka 21. Pwani hilo linakwisha mapema kwa sababu hewa yenyewe inasaidia. Lushoto wakati wa kipupwe hesabu wiki tano hadi sita za kupasha. Wakae kwenye chumba chao kidogo, kilichozungushiwa kadibodi bila kona, kwa sababu wakisikia baridi wanarundikana na wa chini wanakosa pumzi. Kama chanzo cha joto ni mkaa, uwashwe nje mpaka moshi uishe, na chumba kiwe na tundu juu lisilozibwa. Moshi kuisha hakuondoi ile gesi.

Kwa anayenunua mitemba pwani, Februari ulikuwa mwezi mzuri, na hilo mfugaji huyu alilifanya sawa: walipata miezi mitatu ya kuzoea. Kupandisha kuku Juni, kutoka nyuzi 20 za usiku hadi 8 ndani ya siku moja ya gari, ni kuwaonea.

Kuanzia Oktoba pazia livuliwe, lifuliwe na kuanikwa, kwani utitiri hujificha kwenye mishono yake. Desemba hadi Machi upepo unageuka kuwa kaskazi na utaingia moja kwa moja kwenye uwazi wa kaskazini. Msimu huo joto limepanda na upepo ule unawafaa. Mvua ya upande ikizidi, vuta pazia nusu.